Bido la Zipora

3 Februari

Mimi Anselmo wa Minago ndiye mwenye figo bora kuliko wazee wote wa mwambao huu, kuanzia Gitaza mpaka Rumonge. Leo kwenye ukumbi wa kanisa dokta Benedicte alichovya kijiti chake kwenye mkojo wangu, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, akasema figo hizi ni za kijana wa miaka thelathini, zinafaa kupelekwa Ulaya zikatazamwe.

Sawa, nimeongopa. Alisema, "Muzee, si mbaya kwa umri wako," halafu akaita mwingine. Lakini Cikuru jirani yangu aliambiwa apunguze chumvi, na mimi siwezi kukaa na jirani wa namna hiyo bila kumpelekea habari ya Ulaya.

Daftari hili amenipa dokta. Si la kazi yake, ni zawadi, kwa sababu mimi ndiye niliyemkusanyia wazee. Shule niliachia darasa la tano, na Kiswahili nilikipata ukimbizini Tanzania, kwenye foleni ya mahindi. Atakayesoma asinisahihishe.

5 Februari

Niandike nilivyowakusanya. Dokta ni mtu wa Bukavu, anafanya utafiti wake Bujumbura. Anataka kujua kwa nini mzee mmoja anafika miaka themanini bado anapanda mchikichi kukata mawese, na mwenzake wa rika lile lile anavimba uso na miguu, anakufa, figo zimekwisha. Anataka watu wawili wawili, mume na mke wanaokula chungu kimoja, aone kama ni chakula au ni mwili. Hapa kwetu mtu akivimba tunasema amelishwa kitu, tunaanza kumtafuta aliyemlisha. Majirani wengi hawasalimiani mpaka leo kwa ajili ya mtu aliyevimba.

Wazee waligoma. Walisema mkojo wa mtu ukifika mjini unaweza kufanyiwa mambo. Nikasimama kanisani, nikawaeleza kwamba anayevimba ana figo mbovu, hakulishwa na mtu, halafu nikawaambia, "Nyinyi mnakojoa ziwani kila asubuhi, na maji ya ziwa hili yanafika Congo, Tanzania mpaka Zambia. Nani amewaroga mpaka leo?" Walipocheka nikajua nimewapata. Sasa wananiita Rais wa Mikojo, na cheo sijakikataa.

8 Februari

Mvua. Ndagala na muhogo. Nimelala.

11 Februari

Dokta amekuja nyumbani kumwona mke wangu Zipora, ambaye hakwenda kanisani kwa sababu ya magoti. Zipora hapendi wageni wenye karatasi. Huyu alivua viatu, akaketi mkekani, akaanza kumsaidia kuchambua ndagala kabla hajataja figo.

"Mama, hayo magoti yanauma tangu lini?"

"Tangu nilipoolewa na huyu."

Dokta alicheka mpaka akafuta macho kwa mkono wenye magamba ya samaki. Zipora amekubali kuingia kwenye utafiti. Alisema, "Ni kwa sababu ni wewe. Mume wangu angeniomba ningekataa."

17 Februari

Mabido yameletwa leo, madumu ya plastiki, ya manjano, kama yale tunayotia mawese. Kila mtu na lake, limeandikwa jina. Unakojoa humo mchana na usiku, mkojo wote wa siku nzima, halafu Meshaki anapita na pikipiki kuyakusanya na kuyapeleka Rumonge kwenye gari la dokta. Meshaki ni mkwe wetu, amemuoa binti yetu Speciosa, wanakaa Kizuka. Kazi hiyo nilimtafutia mimi, maana alikuwa kijana wa kulala juu ya pikipiki yake huku akisema esansi ya kutia kwenye tangi haipatikani. Kweli haipatikani, lakini nilipenda kumsema.

Zipora aliligeuza bido lake, akaliangalia jina.

"Nani atalichukua?"

"Meshaki."

"Meshaki gani?"

"Kwani tunao wangapi?"

Akaliweka chini. "Mkwe wangu abebe mkojo wangu."

"Limefungwa, Zipora. Haoni kitu."

"Limeandikwa jina langu. Atalifunga nyuma yake, limguse mgongo, apite nalo sokoni. Watu wamuulize, Meshaki, leo iko mawese? Naye ajibu nini?"

Mimi nilicheka. Yeye hakucheka. Tangu Meshaki amuoe Speciosa, Zipora hajala mbele yake, wala hajapita naye mlango mmoja. Mkwe akiingia kwa mbele, yeye anatoka kwa nyuma, anamsalimia akiwa upande wa pili wa ukuta, kwa adabu kabisa, anamuuliza na habari za mashamba. Ndivyo mama yake alivyomlea.

"Mwambie dokta hapana," alisema.

Nilisema nitamwambia.

20 Februari

Sikumwambia. Dokta alishasema mapema: mume bila mke, au mke bila mume, wote wawili wanatoka. Rais wa Mikojo atolewe kwa kukosa mkojo wa nyumbani kwake? Cikuru angekula habari hiyo mwaka mzima.

Basi Jumatatu nilijaza bido langu. Jumanne nikajaza lake. Zipora alinikuta nyuma ya nyumba nimelishika.

"Unafanya nini, Baba Speciosa?"

"Nakukojolea."

Alishika ukuta, akacheka mpaka magoti yakamuuma. "Fanya ujinga wako," alisema, "mradi si wangu." Jana Meshaki akaja, akayafunga yote mawili kwa mpira, akaniaga kwa heshima, akaondoka na mimi mara mbili mgongoni.

27 Februari

Ziwa limepanda tena. Maji yameingia nyumba za ufukweni, Cikuru amehamishia kitanda chake kwa mdogo wake, hapa ng'ambo ya ua wetu. Amekuja kuniuliza kama ni mimi na figo zangu.

12 Machi

Siku ya majibu. Dokta alifika kwetu na karatasi mbili, akazishika pamoja kama kadi za kuchezea.

"Nyinyi mmefanana kama mapacha," alisema. "Nimezunguka mwambao wote huu, sijaona mume na mke namna hii. Mama, figo zako nzima kabisa."

Zipora aliniangalia mara moja, akainamia ndagala zake.

Damu, dokta anachukua kwa wale tu ambao mkojo wao umeonyesha kasoro. Kwa hiyo Cikuru amechomwa sindano, sisi hatukuguswa. Dokta alipokuwa anavaa viatu Zipora akamuuliza habari ya diklo, vile vidonge vya maumivu, maana dukani wanauza kwa yeyote. Dokta alisimama na kiatu kimoja.

"Mama, mtu mwenye figo mbovu nisingemruhusu hata kimoja. Vidonge hivyo vinamaliza figo. Wewe, kwa karatasi hii, magoti yakikuzidi tumia siku chache, halafu uache. Usizoee."

"Murakoze," alishukuru Zipora.

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Neno lilikuwa fupi tu. Lakini dokta alikuwa na furaha, karatasi zile alizishika kama mama ameshika watoto wachanga, na mimi nilikuwa mmoja wao, nilikuwa wote wawili. Gari lilipoondoka tulicheka, mimi na Zipora, tukacheka mpaka Cikuru akauliza ng'ambo ya ua kama tumepokea urithi.

16 Machi

Nimemnunulia Zipora diklo.

22 Machi

Zipora anatembea. Jana alikwenda shambani kung'oa muhogo, akarudi na kikapu kichwani, ananitania njiani mbele za watu kwamba sasa ananipita. Miaka mingi sijamwona akitembea hivyo. Nimenunua vingine. Siku chache, alisema dokta. Sisi tulihesabu kwamba siku chache zikiisha unaweza kuanza nyingine.

29 Machi

Mvua imeangusha mlima barabarani Gitaza. Magari ya Bujumbura hayapiti. Dokta amepiga simu, amekwama huko mjini.

2 Aprili

Viatu vya kanisani vimemkataa Zipora. Alisema vimenywa maji ya mvua vikajikunja. Akaenda na sandali zangu.

7 Aprili

Asubuhi uso wake ulikuwa mwingine. Macho yamejificha kwenye nyama. Mchana ukashuka kidogo, akasema ni usingizi. Nimebonyeza mguu wake kwa kidole, shimo likabaki pale kama kwenye bugali.

Cikuru amemwona. Akanivuta pembeni. "Muzee, huyu amelishwa. Kwenye matanga ya wiki ile alikaa na nani? Fikiri. Mimi niko nakuambia kama ndugu."

Nilimjibu nitafikiri. Nilikuwa nimekwisha fikiri. Mimi ndiye niliyesimama kanisani nikawaeleza watu wazima maana ya kuvimba.

Vidonge nimevitupa chooni. Zipora ameuliza viko wapi, nimesema vimeisha dukani. Kumpigia dokta, simu nimeshika, nimeweka, nimeshika, nimeweka. Ningeanzia wapi? Dokta, habari, yule pacha si pacha.

9 Aprili

Sijapiga.

14 Aprili

Leo naandika sana kwa sababu nimekaa nje ya wodi huku Rumonge na sina mahali pa kwenda.

Juzi alfajiri Zipora hakuweza kulala chini. Akilala pumzi inakata, akikaa inarudi nusu. Nilikimbia barabarani. Gari hakuna, esansi hakuna, dereva mmoja alinionyesha tangi lake tupu kama mtu anayeonyesha mfuko. Nikampigia Meshaki. Alikuwa ameficha lita mbili uvunguni kwa ajili ya Speciosa, ambaye mimba yake imekaribia. Sikujua. Miezi yote hii namwita mlalaji, naye alikuwa anapanga foleni usiku kwa ajili ya binti yangu.

Alifika na pikipiki, akasimama mbali na mlango kama kawaida, ametazama upande wa ziwa ili mamamkwe atoke bila kuonekana. Nikamwambia, "Meshaki, njoo ndani."

"Papa, yumo?"

"Ndiyo sababu nakwambia uje."

Zipora hakuweza kukaa peke yake kwenye pikipiki, angeanguka. Ilibidi afungwe. Tulichukua kitenge chake kimoja, tukamfunga kwenye mgongo wa Meshaki kama mtoto anavyofungwa, kifua kwa mgongo, mikono yake ikamzunguka mkwe wake tumboni. Zipora, ambaye hakutaka hata bido lake limguse mkwe. Alifumba macho. Nilidhani ni maumivu, halafu nikaona machozi, na midomo inasema kitu. Nikasogea. Alikuwa anamwambia Meshaki kwa sauti ndogo sana, "Unisamehe, mwanangu. Unisamehe." Na Meshaki, shingo imenyooka, anajibu, "Hakuna kitu, mama. Hakuna kitu." Walikwenda hivyo mpaka Rumonge, kupita sokoni, kumekwisha kucha. Mimi nilifuata na baiskeli ya Cikuru.

Dokta Benedicte amefika jana. Alipitia njia ya milimani baada ya Meshaki kumpigia. Alikwenda kwa Zipora kwanza, akakaa huko sana, halafu akanikuta hapa kwenye benchi.

"Muzee, sielewi," alisema. "Damu yake ni mbaya sana. Lakini karatasi yangu ya mwezi uliopita inasema figo za mama ni nzima. Hazifi hivi. Amekunywa nini? Nani amempa nini?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni, Cikuru alikuwa amelileta mpaka pale: amelishwa. Kila mtu angelipokea. Wangemtafuta mwanamke fulani wa matangani, na mimi ningekuwa mzee anayehurumiwa.

"Ule mkojo ni wangu," nilisema.

"Upi?"

"Yote miwili."

Nilimweleza, habari ya mkwe, habari ya jina kwenye bido, na mimi nyuma ya nyumba. Nilijaribu kuisema kama nilivyozoea kuisema, kwa mzaha. Haikuwa na mzaha tena. Dokta hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Kiasi kile kilikuwa kikubwa mno kwa mwanamke mdogo kama yeye," alisema baadaye. "Nilikiona. Nikajiambia nitauliza. Halafu nikafurahia mapacha wangu, sikuuliza. Na vidonge nikamruhusu kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Uliniruhusu mimi," nilisema. "Kwenye karatasi nilikuwepo mimi."

Alisimama, akarudi ndani. Baadaye Meshaki alileta chai. Alikuwa amesikia. Akanipa kikombe kwa mikono miwili, kama anavyonipa siku zote.

"Papa, ungeniambia tu," alisema. "Ningemtuma Speciosa aje kulichukua. Au ningeliacha. Mimi pia nilikuwa naona haya."

Hakuna aliyemuuliza. Mimi nilijua haya za mke wangu, nikazicheka. Za mkwe wangu sikujua hata kama zipo.

19 Aprili

Pumzi imerudi. Maji yanatoka kwa dawa.

24 Aprili

Dokta ametueleza sote wawili, amekaa kitandani kwa Zipora. Figo hazikuharibika zote kwa vidonge. Zilikuwa zimeanza kuoza zamani, kimyakimya, presha ndiyo ilikuwa inazila. Mwezi wa pili zingeonekana kwenye mkojo wake mwenyewe. Angepewa dawa ya presha, angekatazwa diklo, angeweza kufika mbali, angeweza kuwa mzee wa kupigiwa mfano. Sasa kimebaki kipande. Zikimalizika zote, kuna mashine ya kuosha damu, iko Bujumbura, unakwenda kila wiki mpaka mwisho wako, na barabara hii tunaijua. Kwa hiyo kipande kilichobaki kilindwe. Dawa kila siku, chumvi hapana, ndagala kavu hapana, na kila mwezi apime mkojo wa siku nzima.

Zipora alisikiliza yote. Akauliza swali moja tu. "Nimebakiwa na muda gani?"

"Tukilinda, miaka, mama. Tusipolinda, mwaka huu."

Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Hakunitazama.

30 Aprili

Tumerudi Minago. Mimi na yeye tumetolewa kwenye utafiti, jina langu limepigwa mstari. Cikuru alinisalimia njiani, "Amahoro, Rais," halafu akaona uso wangu, akaomba radhi. Afadhali angeendelea.

4 Mei

Speciosa amejifungua mtoto wa kike. Mama yake yuko ndani Kizuka kwa siku za uzazi, hatoki bado. Bibi hakuweza kwenda. Meshaki alileta picha kwenye simu, akaipitisha dirishani. Zipora aliipokea bila kutoka. Nilidhani baada ya ile pikipiki adabu hizi zingekwisha. Zimeongezeka. Sasa hata sauti yake hataki Meshaki aisikie.

9 Mei

Chungu ni kimoja, bila chumvi. Nakula na kusema kitamu. Anajibu, "Usiseme."

13 Mei

Mvua inakwenda mwisho. Ziwa halijashuka.

Leo bido la mwezi huu limefika, limeandikwa jina lake. Nililipokea mimi, nikalipeleka ndani. Zipora alinyoosha mkono akaninyang'anya. Hakuwa na hasira, ndilo lililoniuma zaidi. Alikuwa kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Nitajaza mwenyewe," alisema. "Nitafunga mwenyewe. Wewe hutalishika, hata kulitoa uani hutalitoa. Na mkwe wangu hatabeba tena mzigo wangu wowote, umenielewa?"

"Basi nani alipeleke Rumonge?"

"Wewe ndiye mwenye akili ya mabido. Tafuta."

Nimekaa nje mchana wote. Magoti yake hayamfikishi barabarani. Speciosa hatoki. Dereva wa dokta ni mwanamume, na ni wa hapa hapa, anamjua Meshaki.

14 Mei

Nimempigia dokta Benedicte. Simu ilikuwa na upepo. Nimeyaandika hapa niliyomwambia, kwa sababu sina hakika ameyasikia yote.

Nimemwambia: Dokta, wazee wale wote nilikukusanyia mimi, na ulisema siku moja utanilipa fadhila. Zaidi ya kazi ya Meshaki sijakuomba kitu mpaka leo, na najua siwezi kuomba kikubwa. Jumatano gari lako linapopita Minago usimtume dereva. Shuka wewe, upite uani, uketi naye kidogo mkekani kama siku ile, halafu ulichukue bido lake mkononi mwake wewe mwenyewe, mwanamke kwa mwanamke. Mimi usinitafute. Nitakuwa kwa Cikuru mpaka gari liondoke.